Deni la Jicho

Mwenye macho haambiwi tazama. Hivyo ndivyo walivyosema wazee wetu, na vizazi vingi vimeukubali msemo huo bila ya ubishi. Maana yake ni kuwa mtu aliyejaliwa kuona hana haja ya kuamrishwa kuona. Jicho lake lenyewe ni amri ya kutosha. Lakini msemo huu, pamoja na ukweli wake wote, umeliacha swali moja bila ya jibu. Mtu akiisha kutazama, na akaona, anadaiwa nini? Je, kuona ni haki tu, kama haki ya kuvuta pumzi, au ni mkopo ambao hapana budi ulipwe? Nakuomba, msomaji, ufuatane nami katika kulitafuta jibu. Swali hili ni la zamani, lakini katika zama zetu limepata uzito mpya, kwa sababu binadamu amejitengenezea jicho ambalo babu zake hawakuwa nalo: setilaiti, chombo kizungukacho juu ya dunia na kuipiga picha nchi iliyo chini yake. Na hapana mahali ambapo swali hili huonekana wazi kuliko ukingoni mwa mto unaofurika.

Tuanze basi na mto tunaoujua. Tana ndio mto mrefu kupita yote ya Kenya. Huanzia katika milima ya Nyandarua na katika Mlima Kenya, ukakusanya vijito vingi vya nchi ya baridi, ukapita katika mabwawa matano, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo maji yake huzungusha mitambo ya umeme. Kisha huteremka katika nchi kavu ya Garissa na Hola, ukafika Garsen, na mwisho hujimwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mwendo wake wote ni kama kilomita 1,000. Wapokomo hulima kandokando yake. Waorma na Wawardei huja kunywesha mifugo yao humo wakati wa kiangazi. Watu hawa hawawezi kuukimbia mto huo, kwa kuwa riziki yao imo ndani yake.

Twasema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo ni kweli kwa mvua, lakini si kweli siku zote kwa mafuriko ya Tana. Mtu wa Garsen aweza kuamka asubuhi akaiona mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Hapana tone lililoanguka shambani kwake kwa juma zima. Lakini asubuhi hiyo hiyo maji mekundu yaanza kupanda ukingo, na jioni yamekwisha kuingia katika mahindi. Mvua iliyomdhuru haikunyesha kwake. Ilinyesha siku kadhaa kabla, katika milima ambayo pengine hajapata kuiona maisha yake yote. Maji yalikuwa njiani muda wote huo, yakisafiri usiku na mchana, ilhali yeye alikuwa akipalilia, akila na kulala pasipo wasiwasi.

Hapa, msomaji, pana jambo la kufikiri sana. Katika mambo mengi ya dunia hapana mtu ajuaye ya kesho. Mfanyabiashara hajui bei ya kesho, wala msafiri hajui salama ya kesho. Lakini katika mto mrefu, yaliyokwisha kutokea juu ndiyo yatakayotokea chini. Leo ya mtu wa juu ni kesho ya mtu wa chini. Kwa hiyo mtu awezaye kuuona mto wote kwa mara moja ana kitu kisichokuwa chake: ameishika mkononi kesho ya mwenzake.

Zamani hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana zilinyesha katika Afrika ya Mashariki. Tana ulifurika kwa kiasi kisichosahauliwa, na Ziwa Victoria likaendelea kupanda hata kufikia mwaka 1964 likawa limezidi kimo chake cha awali kwa zaidi ya mita 2. Marekani ilikuwa imekwisha kurusha setilaiti ya kutazama hali ya hewa, TIROS-1, mwezi wa Aprili 1960. Lakini jicho la chombo kile lilionyesha makundi makubwa ya mawingu tu, halikuweza kufuata kingo za mto. Mwaka 1972 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya jamii ya Landsat, iliyotengenezwa makusudi kwa kuipiga picha nchi kavu. Na mwaka 2014 mataifa ya Ulaya yakaanza kurusha setilaiti za jamii ya Sentinel-1, ambazo huyaona maji hata wakati wa giza na mawingu.

Ni vema kufahamu jinsi macho haya yanavyofanya kazi, kwani mtu asiyejua uwezo wa chombo hawezi kuujua wajibu wa mwenye chombo. Aina ya kwanza huona kwa nuru ya jua, kama tuonavyo mimi na wewe. Aina hii ina maadui wawili, usiku na wingu. Na wingu ndilo likaalo juu ya mto wakati wa masika. Husemwa kuwa macho hayana pazia. Jicho hili lina pazia, na pazia lake hushushwa wakati ule ule linapohitajiwa sana.

Aina ya pili haingoji jua. Hutumia rada, yaani hutuma chini mawimbi ya redio yake yenyewe na kuyapokea yanaporudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, na hayatofautishi usiku na mchana. Yakiigonga ardhi yenye majani, mawe na matuta, hutawanyika kila upande, na sehemu yake hurudi kwa setilaiti; kwa hiyo ardhi huonekana nyeupenyeupe katika picha. Lakini maji yaliyotulia ni kama kioo. Mawimbi yajayo kwa mshazari huteleza juu yake yakaruka upande wa pili, yasirudi yalikotoka. Kwa hiyo maji huonekana meusi. Mtaalamu huiweka picha iliyopigwa kabla ya mafuriko kando ya picha mpya. Mahali palipokuwa peupe na sasa pamekuwa peusi, hapo maji yameingia. Haya yote hufanywa na chombo kilicho kimo cha kilomita 693 hivi kutoka usoni mwa dunia.

Walakini tusilipe jicho hili sifa ya ukamilifu. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake ile ile baada ya siku 12. Mafuriko yaweza kuja na kuondoka kati ya ziara mbili. Upepo ukiukwaruza uso wa maji, kioo huharibika na picha hudanganya. Maji yaliyo chini ya miti mingi hujificha. Mjini, kuta za nyumba huyarudisha mawimbi kwa nguvu hata maji yaliyo baina yake yasitambulike. Mchanga mkavu ulio laini nao waweza kuonekana mweusi kama ziwa. Kwa sababu hiyo wataalamu hawaitegemei picha moja peke yake. Huilinganisha na picha za setilaiti nyingine, na vipimo vya mvua, na vipimo vya kimo cha maji vilivyosimikwa mtoni.

Tena jicho la juu huona maji, halioni watu. Doa jeusi katika picha halisemi kuwa ndani yake yumo mama mwenye mtoto mchanga. Wala halisemi kuwa upande mwingine wa doa lile wamo wakulima wanaoyapokea maji kwa furaha. Maana mafuriko si adui wakati wote. Maji ya kiasi huleta udongo wenye rutuba, na tangu zamani wakulima wa Tana wamepanda mpunga na migomba wakiyafuata maji yanapokuja na yanapokauka. Mtazamaji asiyejua jambo hili aweza kumwita mtu masikini siku ile ile mtu huyo anapopata neema. Kuona kutoka juu, basi, ni nusu ya kuona.

Sasa turudi kwenye swali letu. Fikiri kuwa mtu ameketi katika chumba cha kompyuta mjini. Mbele yake pana picha ya mto, na katika picha ile weusi umetanda chini ya Garissa. Watu wa Garsen hawajui. Mtu huyu hakuileta mvua, hajapata kufika Garsen, wala hana ndugu huko. Anadaiwa nini? Zipo nyudhuru anazoweza kuzitoa, na yafaa tuzipime moja moja, kwa kuwa hizo ni nyudhuru zetu sote.

Udhuru wa kwanza ni huu: “Mimi sikuleta maji haya.” Ni kweli. Lakini madeni ni ya namna mbili. Liko deni la mtu aliyetenda, na liko deni la mtu aliyejua. Ukimwona kipofu akielekea kwenye kisima kilicho wazi, nawe ukanyamaza hata akatumbukia, huwezi kujitetea kwa kusema kuwa hukukichimba kisima. Pengine hapana mahakama itakayokufunga. Lakini wewe mwenyewe utajua kuwa maisha ya mtu yalikuwa katika neno moja, na neno hilo lilikuwa kinywani mwako. Deni la ajuaye halikutoka katika kosa lake. Limetoka katika uwezo wake.

Udhuru wa pili husema: “Kazi yangu ni kuona, kusema ni kazi ya mwingine.” Udhuru huu una sura ya adabu, lakini umekwisha kuigharimu dunia sana. Tuutazame mfano wa mbali kidogo, ambao si wa mto peke yake bali wa bahari na mito pamoja. Mwezi wa Novemba 1970 kimbunga kikubwa kiliupiga mwambao wa nchi ambayo leo ni Bangladesh, na wakati huo ilikuwa Pakistan ya Mashariki. Setilaiti za hali ya hewa zilikuwa zimekwisha kukiona kikiwa baharini. Picha zilikuwako. Lakini onyo halikuwafikia watu wengi wa visiwani na midomoni mwa mito kwa namna ya kuwawezesha kuondoka mapema, na wakafa watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Baada ya msiba huo nchi ile iliunda vikosi vya watu wa kujitolea wapitao kijiji kwa kijiji na bendera na vipaza sauti, na ikajenga majumba imara ya kukimbilia. Kimbunga kikubwa cha mwaka 2007 kiliua maelfu, nao ni msiba. Lakini hakikuua malaki. Jicho peke yake halikuleta tofauti hiyo. Iliyaletwa na kinywa cha mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani yake, akamwambia: ondoka sasa, na mahali pa kwenda papo.

Udhuru wa tatu ni wa hofu: “Nikionya na maji yasije, nitachekwa.” Tusiudharau udhuru huu. Onyo la uongo lina gharama. Mkulima huliacha shamba lake na nyani wakala. Mfugaji huuza mbuzi wake kwa bei ya kutupa. Na mara ya pili hapana atakayesikiliza. Kwa hiyo deni la jicho halilipwi kwa kupiga kelele. Hulipwa kwa ukweli mzima, pamoja na kipimo cha shaka yake. Mwenye picha aseme analolijua, na aseme asilolijua: maji haya yameonekana hapa, siku hii, yaweza kufika huko baada ya siku kadha, yaweza pia kupungua njiani. Watu wazima huweza kuuchukua ukweli wenye shaka, madhali wameambiwa kwa heshima. Lakini kunyamaza kwa ajili ya kulinda jina ni jambo jingine. Onyo lililokosea hupoteza siku na mali; kimya kilichokosea hupoteza watu.

Udhuru wa nne husikiwa kila mwaka: “Watu wenyewe hawasikii.” Hapa yafaa tumkumbuke mzee aliyeketi mlangoni pake ukingoni mwa Tana, aambiwaye ahame. Amekwisha kuona mafuriko mengi. Ana mbuzi, ana mbegu za msimu ujao, ana mke mgonjwa. Akihamia kilimani atakula nini, na nani atailinda nyumba yake? Mtu huyu si mjinga; anapima hatari mbili, nasi tumemwonyesha moja tu. Tena pengine tumemwonyesha kwa lugha asiyoijua. Kumwambia habari za mita za ujazo kwa sekunde ni sawa na kumnyamazia. Lakini ukimwambia, “Mzee wangu, maji yatapita pale yalipofika mwaka wa El Niño, 1997, tena yatafika kabla ya Ijumaa,” hapo umeiteremsha picha kutoka mbinguni ukaiweka katika uwanja wake. Ukiongeza, “Nimekuja na mtumbwi, mbuzi nao watavuka,” deni lako limekaribia kulipwa.

Na mzee huyo naye ana cha kukupa. Yeye ajua mahali ambapo mto ulipita zamani, kabla hujabadili njia. Ajua lindi ambalo hujaa kwanza na kisiwa ambacho hakijapata kufunikwa. Maji yaliyofichwa na miti katika picha, yeye huyaona kwa macho yake. Ikiwa ajuaye kwa kuona mbali hudaiwa, basi ajuaye kwa kukaa karibu hudaiwa pia. Asiliache jicho la juu likosee ilhali anaweza kulisahihisha. Elimu zote mbili zikidharauliana, maji hupita katikati yao.

Udhuru wa tano ni wa kukata tamaa: “Maji yamekwisha kufika, hapana faida tena.” Jirani zetu wa kusini wametufundisha kuwa si kweli. Usiku wa Machi 14, 2019, kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira, katika Msumbiji. Mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, na mabonde yakawa kama bahari iliyohamia bara. Watu walipanda juu ya mapaa na mitini, wakakaa huko siku baada ya siku wakingoja msaada. Katika nchi hiyo peke yake walikufa zaidi ya watu 600. Picha za rada za siku chache baadaye ziliyapenya mawingu zikaonyesha upana wa maji yale na vijiji vilivyozungukwa. Kwa mwokoaji mwenye mashua chache na nchi kubwa ya kuitafuta, kujua aanzie wapi ni nusu ya kuokoa. Deni la onyo lilikuwa limekwisha kupita wakati wake; deni la kuonyesha njia lilikuwa bado hai.

Umebaki udhuru mmoja, nao ni wetu hasa. Twaweza kusema: “Macho hayo ni ya wageni, tuwaachie wageni deni lao.” Zamani neno hilo lilikuwa na nguvu. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa na Wamarekani na Waitaliani kutoka jukwaa lililosimama baharini upande wa Malindi, si mbali sana na mdomo wa Tana wenyewe. Lakini kazi yake ilikuwa kuchunguza miali itokayo katika nyota, wala haikuutazama mto wetu. Leo hali si hiyo. Hazina ya picha za Landsat imefunguliwa kwa watu wote bila malipo tangu mwaka 2008, na picha za Sentinel pia hutolewa bure. Uko mkataba wa kimataifa, ulioanza kufanya kazi mwaka 2000, ambao kwa huo mashirika ya anga ya nchi mbalimbali huipa picha nchi iliyopatwa na msiba mkubwa. Nairobi pana kituo cha ushirika wa nchi za Afrika kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa kazi ya kuchora ramani za rasilimali. Na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake yenyewe ya kuitazama nchi, iitwayo Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani. Jicho sasa ni letu pia. Na apataye jicho hupata na deni lake.

Usidhani, msomaji, kuwa naandika habari za kubuni. Katika mvua za Machi hadi Mei mwaka 2024 mafuriko yaliwaua takriban watu 300 katika Kenya. Usiku wa kuamkia Aprili 29, karibu na Mai Mahiu, maji yalishuka ghafla yakayazoa makao ya watu waliolala, na makumi yao wakafa. Pale hapakuwa na mto mrefu wa kutoa siku za kujihadhari. Hata setilaiti njema haina hakika ya kulikamata jambo litokealo kwa saa moja. Tuseme hivyo kwa unyofu, maana ahadi isiyotimizika ni uongo. Lakini katika mwezi huo huo mabwawa ya Tana yalikuwa yakijaa na kumwagika, na maji yake yalikuwa na safari ndefu kabla ya kufika mashamba ya chini. Mahali ambapo maji hayatupi nafasi, twaweza kulia pamoja. Mahali ambapo mto hutupa siku kadhaa, na jicho likaziona, na mtu akafa kwa kutokuambiwa, hapo kilio peke yake hakitoshi.

Labda sasa wasema moyoni mwako: “Mimi ni mwanafunzi. Sina setilaiti, wala siketi katika chumba cha kompyuta.” Lakini fikiri tena. Nyumbani kwenu yumkini ni wewe wa kwanza kuweza kusoma ramani. Taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ikitolewa kwa maneno magumu, wewe ndiwe uwezaye kuifahamu. Bibi yako aliyekuuzia kuku wake ili ulipiwe karo hakuona yale unayoyaona leo. Alikupandisha mabegani pake ili uone mbali kuliko yeye. Kwake yeye, wewe ndiwe jicho la juu. Je, utateremka ukamwambia ulichokiona, au utabaki huko juu ukiisifia mandhari?

Deni hili hulipwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kufahamu sawasawa, kwa kuwa mtu hawezi kulipa kwa fedha ya bandia. Jifunze hisabati na jiografia yako si kwa ajili ya mtihani peke yake. La pili ni kusema kwa ukweli na kwa adabu, katika lugha ya yule unayemwambia, bila ya kumtisha na bila ya kumdharau. La tatu ni kutoa mkono; maana onyo lisilo na msaada humwachia mnyonge mzigo wote wa kujiokoa, na hilo ni nusu ya wema. Mwenye kufanya haya matatu, hata akiwa hana cheo, amefanya kazi ambayo mtambo wa thamani kubwa kule angani hauwezi kuifanya.

Wazee walisema kweli: mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tulioishi kuona macho yakirushwa mbinguni twaweza kuongeza neno moja chini ya neno lao: aliyetazama akaona, ana ujumbe wa kuupeleka. Huenda usiku huu, unapofunga kitabu hiki, mvua inanyesha katika Nyandarua. Maji yameanza safari. Mbele yao, chini kabisa, mtu amelala chini ya nyota nyingi, na mbingu yake haina wingu hata moja. Hajui. Lakini yuko mtu ajuaye, au awezaye kujua. Na siku moja mtu huyo atakuwa wewe. Siku hiyo usingoje kuambiwa.